Kahawa Imekwisha kwa Ma Alistidia

Kila asubuhi, kabla ya kunywa uji, Jovita alijaza maji kwenye kibuyu chirizi. Kilikuwa dumu dogo la mafuta ya kula, alilolitoboa kwa msumari na kulining'iniza juu ya fito, pembeni mwa njia ya kuingilia uani kwa bibi yake. Ukikanyaga kijiti kilichofungwa kamba, dumu linainama na maji yanachirizika mikononi. Sabuni ilining'inia hapohapo ndani ya soksi kuukuu. Jovita alikuwa darasa la sita, na alikuwa amejifunza kukitengeneza shuleni. Kwa siku chache za mwanzo alikionea fahari. Baada ya hapo kilimtia hasira tu.

Hasira yenyewe ilitokana na watu. Wengine hawakukanyaga kijiti hata kidogo. Walilishika dumu kwa mikono yao michafu wakaliinamisha, kisha wakasema wamenawa. Mama mmoja alinawa vizuri mpaka kwenye viwiko, halafu akajifutia kanga aliyokuwa amembebea mtoto anayepiga chafya. Vijana wawili walinawa pamoja, wakasifiana kwa usafi, kisha wakapeana mikono kupongezana. Jovita aliwatazama, akaenda kujaza dumu upya.

Shule zilikuwa zimefungwa ghafla mwezi Machi kwa sababu ya korona. Wazazi wake, waliokuwa na duka Miembeni, mjini Bukoba, walimpeleka Muleba kwa bibi yake, Ma Alistidia, wakisema kijijini kuna hewa na nafasi. Hewa ilikuwepo na nafasi ilikuwepo, lakini maneno yalikuwa yamefika kabla yake. Kila mtu alikuwa amegeuka daktari. Huyu alisema dawa ni kitunguu kibichi kabla ya jua kuchomoza. Yule alisema korona haiwezi kupanda mlima, kwa hiyo watu wa huku juu wasiwe na wasiwasi. Ma Esther, jirani wa upande wa pili wa njia, alijifukiza kwa majani ya kila namna mpaka akaungua pua, na bado akawashauri wengine wafanye hivyohivyo.

Naye Riyadhi, kijana wa bodaboda aliyekaa kwenye kona ya barabara, alivaa barakoa kidevuni.

"Kaka Riyadhi, barakoa inafunika pua na mdomo," Jovita alimwambia siku moja.

"Inanibana pumzi, dada."

"Sasa hapo kidevuni inakusaidia nini?"

"Inanisaidia nisiulizwe maswali," alijibu Riyadhi, akawasha pikipiki.

Lakini Jovita hakuwa na ghadhabu bure. Alikuwa na hofu. Siku ya mwisho ya shule mwalimu aliwaambia kwamba ugonjwa ule unaweza kumpata yeyote, ila unawaelemea zaidi wazee na watu wenye maradhi mengine. Bibi alikuwa mzee. Bibi alikuwa na presha, na usiku kifua chake kilipiga mluzi. Jovita alipousikia mluzi ule alivuta blanketi na kuhesabu watu wote waliopita uani siku ile.

Baba yake, Kamugisha, alipiga simu mara kwa mara kuuliza hali.

"Jovita, wewe ndiye macho yangu huko. Watu wanawe, wakae mbalimbali. Na kile kikapu cha kahawa, mwambie bibi yako akipumzishe kwanza. Kila mtu anatia mkono mle ndani!"

"Baba, mwambie wewe."

"Mimi nikimwambia atakata simu. Jaribu wewe."

Hapa lazima kikapu chenyewe kielezwe. Kilikuwa kikapu kidogo chenye kifuniko, kilichosukwa kwa ustadi, na kilikaa juu ya kigoda karibu na mlango. Ndani yake mlikuwa na akamwani, yaani kahawa iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha ikakaushwa, ile ya kutafuna. Mgeni akiingia katika nyumba ya Wahaya, kabla hajaulizwa shida yake, anapewa akamwani. Mwenye nyumba anachukua punje ya kwanza na kuitafuna mbele ya mgeni, ili mgeni aone kwamba hakuna kitu kibaya ndani yake. Kisha mgeni naye anatia mkono. Hapo ndipo mazungumzo huanza. Bila hivyo, ni kama hujakaribishwa.

Jovita alijaribu. Alisubiri bibi amalize kula, akapiga magoti, akasema kwa sauti ndogo kwamba baba ameomba kikapu kipumzishwe.

"Kikapu hiki kilikuwepo kabla baba yako hajazaliwa," alisema bibi, akatupa punje moja mdomoni. "Mwambie aje akipumzishe mwenyewe."

Mazungumzo yakaishia hapo. Na hapo ndipo Jovita alipopata wazo lake, ambalo kwake lilikuwa la akili sana.

Asubuhi bibi alikuwa na desturi ya kwenda kibanjani, nyuma ya nyumba, kupogolea migomba. Wageni wengi walifika wakati huo na kumkuta Jovita peke yake. Kwa hiyo kesho yake, bibi alipochukua kisu chake na kuondoka, Jovita alikibeba kikapu akakificha jikoni nyuma ya debe la unga. Bibi asingejua. Kahawa yake ya kutafuna shambani aliifunga kila siku kwenye pindo la kanga.

Mgeni wa kwanza alikuwa mzee Kaijage, au Ta Kaijage kama walivyomwita kwa heshima. Ta Kaijage alikuwa rafiki wa marehemu babu tangu ujana wao, na baada ya babu kufariki hakuacha kuja. Yeye alikuwa Mkatoliki na bibi alikuwa Mlutheri, na kila asubuhi walibishana kwaya ya kanisa gani inaimba vizuri. Alifika na fimbo yake, akakanyaga kijiti kwa mguu kama inavyotakiwa, akanawa kwa sabuni, akakung'uta mikono ikauke yenyewe. Katika kijiji kizima ni yeye peke yake aliyenawa sawasawa. Jovita aliliona hilo, na bado hakuacha mpango wake.

"Shikamoo, Ta Kaijage," alisema akipiga magoti.

"Marahaba, mwana wange. Bibi yuko kibanjani?"

"Ndiyo."

"Basi nitamsubiri. Nipe akamwani nitafune."

Jovita alitazama chini. "Kahawa imekwisha."

"Imekwisha?"

"Ndiyo, Ta. Imekwisha."

Mzee alitazama kigoda kitupu karibu na mlango. Wiki iliyopita tu alikuwa amekaa palepale akimsaidia bibi kuchambua kahawa iliyojaza debe. Nyuma ya nyumba mibuni ilikuwa imejipanga katikati ya migomba mpaka bondeni. Alimtazama Jovita, akatazama tena kigoda. Kisha akasema taratibu, "Haya. Msalimie bibi yako." Akageuka na fimbo yake, hata hakukaa.

Jovita alishusha pumzi. Ilikuwa rahisi kuliko alivyofikiri. Hakuna mzee aliyekatazwa, hakuna mtu aliyegomba, na mkono mmoja haukuingia kikapuni. Bibi aliposikika akirudi, kikapu kilikuwa kimesharudi kwenye kigoda, na salamu za Ta Kaijage Jovita hakuzifikisha.

Mtu angetamani kumshika bega wakati ule na kumwambia: Jovita, unafikiri wazee hawana macho?

Siku iliyofuata alikuja Ma Esther kuomba moto, na kwa kawaida moto wa Ma Esther ulihitaji kahawa na maongezi marefu. Naye aliambiwa kahawa imekwisha.

"Imekwisha? Kwa Ma Alistidia?" Ma Esther alichungulia mlangoni. "Bibi yako anaumwa?"

"Hapana, Ma. Mzima kabisa."

"Mh," alisema Ma Esther, akaenda zake bila hata kuchukua moto.

Ile "mh" moja ilifanya kazi kuliko redio. Dukani ilifika ikiwa imeongezwa chumvi kidogo: kwa Ma Alistidia wameficha kikapu, hawataki mtu asogee. Kwenye bomba la maji ikawa kwamba Ma Alistidia anakohoa. Ilipofika kwa Riyadhi kwenye kona, kulikuwa na mgonjwa kitandani, na aliyeuleta ugonjwa alikuwa mjukuu kutoka mjini. Ulimi hauna mfupa, na ulimi wa Ma Esther ulikuwa laini kuliko zote. Watoto wakaanza kumkimbia Jovita bombani. Walisimama mbali wakimwita "Bukoba", wakicheka huku wanaogopa. Jovita aliwaona wajinga tu. Hakujiuliza walipata wapi hofu ile.

Wageni wakakoma. Kibuyu chirizi kilishinda kimejaa maji, kwani hapakuwa na wa kunawa. Mwanzoni Jovita alifurahi, akampigia baba simu kumwambia kwamba sasa hakuna anayetia mkono kikapuni. Baba akampongeza bila kuuliza amewezaje.

Lakini bibi hakufurahi. Alasiri moja Jovita alimkuta amekaa mlangoni, kikapu mapajani, anatazama njia.

"Kaijage amepita sasa hivi," bibi alisema. "Amenisalimia akiwa hukohuko barabarani, kama tunadaiana. Nimemkosea nini?"

"Labda anaogopa korona, bibi."

"Kaijage? Aogope kahawa yangu?" Bibi alikifunga kifuniko kwa nguvu. "Mawe, mama yangu! Alimbeba babu yako mpaka kaburini. Miaka yote amekula kahawa kutoka mkononi mwangu, leo anaona nina sumu? Basi akae kwake. Mimi siendi kumuuliza."

Jovita aliona midomo ya bibi inatetemeka. Moyo ulimuuma. Angeweza kusema, "Bibi, ni mimi." Lakini alifikiri jinsi bibi atakavyowaka, akaenda kuchota maji. Akajiambia kwamba korona ikiisha, wazee watapatana wenyewe. Huko upande wa pili, Ta Kaijage naye alikuwa amekaa kwake amenuna, akisema kama Ma Alistidia hamtaki nyumbani kwake, yeye si mtu wa kubembeleza. Watu wazima wawili, na hakuna aliyetembea hatua chache kumuuliza mwenzake!

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Asubuhi moja Jovita alijaza kibuyu, akasubiri kusikia bibi akitafuta kisu chake. Hakusikia kitu. Aliingia chumbani akamkuta bibi amejikunyata chini ya mablanketi mawili, meno yanagongana. Paji la uso lilikuwa la moto kiasi kwamba Jovita aliuondoa mkono wake haraka.

"Bibi! Bibi, unaumwa nini?"

"Baridi," alisema bibi. "Funga mlango, Kamugisha, baridi inaingia."

Kamugisha alikuwa baba yake. Bibi hakumtambua mjukuu wake. Jovita aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

Alikimbia mpaka kwenye kona. Riyadhi alikuwa anafuta pikipiki yake.

"Kaka Riyadhi, twende haraka, bibi anaumwa, nisaidie kumpeleka zahanati!"

Riyadhi alirudi nyuma, akaishika barakoa yake kidevuni, lakini hata hapo hakuipandisha. "Hapana, dada. Kwenu siendi."

"Kwa nini?"

"Si mmeficha kikapu? Kijiji kizima kinajua. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sasa limekuja. Nina mtoto mchanga mimi."

"Kikapu?" Jovita alisimama kama amepigwa kofi. "Nani amesema kikapu?"

Hakungoja jibu. Alikimbilia kwa Ma Esther. Mlango ulifungwa kabla hajaufikia, na Ma Esther akaongea kupitia dirishani, ameziba pua kwa kanga.

"Mpe kitunguu, mwana wange! Kibichi! Na wewe usisogee!"

"Ma Esther, waitu, tafadhali, nisaidie kumwinua tu."

"Nilijua! Nyumba ya kahawa inakosaje kahawa? Nilijua tangu siku ile!"

Jovita alirudi uani akilia kwa hasira, na safari hii hasira ilikuwa juu yake mwenyewe. Alikuwa amewacheka watu wa kitunguu na watu wa mlima, kumbe uvumi mkubwa kuliko wote ulitoka mdomoni mwake. Alichukua simu ya bibi akampigia baba.

"Natoka sasa hivi," alisema baba. "Lakini mpaka nipate usafiri nifike huko ni mchana. Usisubiri. Nenda kwa Ta Kaijage."

"Baba, siwezi kwenda kwa Ta Kaijage."

"Kwa nini huwezi?"

Jovita alikata simu, akampa bibi maji, akamfunika, akaenda kwa Ta Kaijage. Njia ilikuwa fupi na ilikuwa nzito. Alimkuta mzee anachonga mpini wa jembe nje ya nyumba. Alipiga magoti mbali, kwenye majani yenye umande, akasema yote kwa pumzi moja kabla hajapata nafasi ya kubadili mawazo.

"Ta Kaijage, nilikudanganya. Kahawa haikwisha. Nilikificha kikapu nyuma ya debe la unga kwa sababu niliogopa watu watamwambukiza bibi, na niliogopa kukwambia usitie mkono. Bibi hajui. Anafikiri wewe unamwona ana sumu. Na sasa anaumwa sana, ana homa, hanitambui, na Riyadhi amekataa, na Ma Esther amekataa, wanasema ni korona. Nisamehe, waitu. Nisaidie."

Mzee aliweka panga chini.

"Kwa hiyo si bibi yako aliyeninyima?"

"Si yeye."

"Na mimi nimekaa hapa siku zote hizi nimenuna kama mtoto aliyenyimwa maandazi!" Ta Kaijage alisimama kwa kishindo. "Ee mawe! Watoto wa siku hizi! Na wazee wa siku hizi! Simama. Hayo mengine tutayasema baadaye."

Alifunga usoni barakoa aliyoshonewa kwa shati kuukuu, akashika fimbo, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Riyadhi. Jovita alikimbia nyuma yake.

"Washa pikipiki," alisema Ta Kaijage.

"Mzee, kule kuna korona."

"Nani amempima?"

Riyadhi alitazama pembeni. "Watu wanasema."

"Watu wanasema kwa sababu mtoto huyu alidanganya kwamba kahawa imekwisha. Kilichofichwa ni kikapu. Mgonjwa hakuwepo, ila leo yupo. Kama ni korona au si korona, mtu hapimwi na majirani, anapimwa zahanati. Mimi nitakaa nyuma nimshike, wewe utakuwa mbele, na hicho kitambaa kipandishe mpaka puani. Mama yako alipougua mwaka juzi, nani alimshika mpaka zahanati?"

Riyadhi aliipandisha barakoa mpaka puani, kwa mara ya kwanza tangu ainunue, akawasha pikipiki.

Walipofika nyumbani, Jovita alimfunga bibi kitambaa safi puani na mdomoni. Walimkalisha katikati, Ta Kaijage akamshika kwa nyuma, na Riyadhi akashuka mlima polepole kuliko alivyowahi kuendesha. Jovita aliwafuata kwa miguu, akikimbia mpaka mbavu zikamchoma.

Alipofika zahanati, bibi alikuwa amelazwa kwenye chumba cha pembeni chenye madirisha wazi. Muuguzi aliyeitwa Judica alikuwa amewaweka Ta Kaijage na Riyadhi nje kwenye mabenchi mawili tofauti. Naye Jovita aliambiwa anawe na asimame mbali. Muuguzi aliuliza maswali mengi: homa ilianza lini, anakohoa, amekutana na nani, nani ametoka safari. Jovita alijibu kila swali kwa ukweli mtupu, hata yale yaliyomtia aibu. Kisha wakasubiri.

Judica alitoka akiwa amekunja uso.

"Ni malaria," alisema. "Malaria kali. Tumeshaanza kumpa dawa. Presha nayo imepanda, kwa hiyo atabaki hapa tumwangalie. Angekaa nyumbani mpaka kesho, ningekuwa nawaambia maneno mengine."

Jovita alikaa chini palepale kwenye nyasi akalia.

"Nimechoka na hii!" muuguzi aliendelea, na alionekana amechoka kweli. "Watu wanaogopa korona mpaka wamesahau kwamba mbu hawajafunga shule. Mgonjwa akiwa na homa majirani wanamkimbia, na wenyewe wanamficha. Kuogopa si vibaya. Naweni, kaeni mbalimbali, funikeni pua. Lakini mleteni mgonjwa! Na mseme ukweli mnapomleta. Mimi siwezi kutibu uvumi."

Alisema hivyo akimtazama Riyadhi. Riyadhi alijifanya anatazama tairi la pikipiki.

Baba alifika mchana, akamkuta bibi bado ana homa lakini ameanza kumtambua kila mtu, na kumgombeza kila mtu. Jovita hakusubiri aulizwe. Akiwa mlangoni, alimwambia bibi habari ya kikapu tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi alisikiliza macho yamefumbwa. Alipoyafumbua hayakuwa juu ya Jovita. Yalikuwa juu ya Ta Kaijage, aliyekuwa amesimama nje ya dirisha.

"Na wewe, Kaijage! Mtu mzima na mvi zako! Unaambiwa kahawa imekwisha kwangu, kwangu mimi, na unaondoka bila kuniuliza?"

"Na wewe, Alistidia! Uliniona napita, ukanijibu nusu salamu. Kwa nini hukuuliza?"

"Kuuliza si ujinga," alisema bibi.

"Basi wote tulikuwa wajinga," alisema Ta Kaijage, na wakacheka mpaka bibi akakohoa na Judica akaja kuwafukuza wageni.

Baba naye alijikuna kichwa. "Mama, nami nimo," alisema. "Ilikuwa kazi yangu kukwambia habari ya kikapu. Nikamtwika mtoto."

"Najua," alisema bibi. "Wewe uliniogopa tangu ukiwa mdogo."

Siku bibi aliporudi nyumbani, akiwa amekonda lakini sauti yake iko palepale, alimwita Jovita mlangoni. Kikapu kilikuwa mapajani mwake.

"Njoo nikwambie. Hofu yako ilikuwa ya kweli. Kikapu hiki kingeweza kunipa ugonjwa, nami nilikuwa mkaidi kusikia. Kwa hilo umeshinda. Lakini angalia ulichofanya. Ulitaka kunikinga na watu, ukanikosesha watu, na siku nilipowahitaji hawakuwepo. Mtu ukimwambia ukweli mgumu, anaweza kukasirika leo, kesho akarudi. Ukimdanganya, anaondoka na hujui kama atarudi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

"Haya. Niletee majani makavu ya migomba, yale laini."

Walikaa wawili, wamenawa mikono, wakafunga kahawa katika vifurushi vidogo vya majani makavu, kama vile vinavyouzwa sokoni Bukoba. Kila kifurushi kilitosha mtu mmoja. Jovita alishangaa kwamba hakuna aliyekuwa amefikiria jambo hili, maana vifurushi vile kila mtu alikuwa ameviona maisha yake yote. Kikapu kilioshwa, kikaanikwa juani, kikatundikwa ukutani.

Alasiri watu walikuja kumpa bibi pole. Jovita alikuwa amepanga vigoda uani, kimoja hapa, kingine kule. Ma Esther alifika wa kwanza, pua yake bado ina kovu la mvuke, akaanza kusema kwamba yeye tangu mwanzo alijua ni malaria. Bibi alimtazama tu, na Ma Esther akanyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Riyadhi alikuja, barakoa iko puani. Bibi alifungua kifurushi chake, akachukua punje ya kwanza, akaitafuna mbele ya wote. Kisha Jovita akapita na ungo, kila mgeni akachukua kifurushi chake.

Ta Kaijage ndiye aliyefika mwisho. Alikanyaga kijiti, akanawa, akakung'uta mikono. Lakini furaha ilikuwa imemzidi. Alipomwona bibi amekaa kwenye kigoda chake akitafuna, alisahau barakoa, alisahau nafasi, akavuka uani kwa hatua ndefu huku amenyoosha mikono yote miwili kumshika.

Baba alitazama miguu yake. Riyadhi alitazama barabara. Nani atamwambia mzee kama yule?

Jovita aliweka ungo chini, akapiga magoti mbele yake.

"Ta Kaijage, waitu," alisema, na sauti ilisikika uani kote. "Naomba usimshike bibi. Bado hana nguvu, na ugonjwa bado upo. Kigoda chako ni kile pale, na kahawa yako hii hapa."

Mzee alisimama. Uso ulimkunjamana, na kwa kitambo Jovita alifikiri ataondoka na fimbo yake kama siku ile. Aliitazama mikono yake iliyonyooshwa, akaitia mifukoni. Alichukua kifurushi, akaenda kukaa kwenye kigoda alichoonyeshwa, amenuna kidogo, akaanza kukifungua jani kwa jani.

Kesho yake asubuhi, Jovita akiwa bado anajaza maji kwenye kibuyu chirizi, alisikia fimbo inagonga njiani.